Neno Lisilo na Msimamizi

Nchi ninayotaka kuwasimulia habari zake ina jina zuri sana, ila jina hilo kwa sasa liko matengenezoni, na Serikali imetuomba tusiliguse mpaka rangi ikauke. Basi tuiite Nchi tu. Ni Nchi ya amani, yenye barabara pana za kupitisha misafara, na wananchi wake wamejaliwa subira kiasi kwamba mabenchi ya kusubiria yamehesabiwa kuwa miongoni mwa maliasili za taifa.

Sasa katika Nchi hiyo tulivu alikuwepo mwanamke mmoja asiyetulia. Aliitwa Bi. Mashavu, mjane, mshona magodoro ya sufi. Kazi hiyo humzungusha mtu kuanzia asubuhi, huku akivuta uzi, kule akipiga sufi kwa fimbo, na pengine ndiyo iliyoiharibu miguu yake ikasahau kukaa. Aliwalaza watu mtaa mzima, mwenyewe usingizi wake ulikuwa wa kuku. Alikuwa na mtoto mmoja, Zuwena, fundi wa mapazia, binti mwenye mkono mwepesi hivi kwamba ukimtazama akishona unaweza kudhani kitambaa ndicho kinachoifuata sindano kwa hiari yake.

Siku moja Zuwena alipeleka mapazia katika Wizara ya Makaribisho. Wizara hii ndiyo yenye geti kubwa kuliko yote nchini, la chuma tupu, linaloendeshwa kwa umeme. Lilinunuliwa ili mgeni ajue kwamba anakaribishwa na watu wenye uwezo. Msafara wa Mheshimiwa Waziri ulikuwa unatoka kwa kasi yake ya kawaida, na Zuwena, mzigo kichwani, akajibanza kwenye nguzo, mkono wa kulia ameshika ukingo wa geti asije akasombwa. Gari la mwisho lilipopita, mlinzi aliyeitwa Afande Chituta alibonyeza kitufe. Geti likajifunga. Mkono wa Zuwena ulikuwa humo.

Afande Chituta hakuwa mtu mbaya. Alibonyeza tena, geti likafunguka, kisha akaokota mapazia yote, akayakung'uta vumbi na kuyapeleka ndani, maana yalikuwa yakisubiriwa.

Bi. Mashavu alipofika hospitali, godoro la watu amelitelekeza barazani na sindano kubwa bado iko shingoni kwenye kanga, alimkuta Dokta Nasibu anauangalia mkono wa binti kwa huruma ya kweli. Dokta alikuwa kijana mpole, mwenye tabia ya kutazama mlango kabla ya kusema jambo.

"Mifupa ya vidole imevunjika, mama," alisema. "Tukiipanga mapema, atashona kama zamani. Tukichelewa itaungana hivyo hivyo ilivyokaa, na hapo hata kijiko atakishika kwa shida."

"Basi ipange, mwanangu. Unangoja nini?"

"Nangoja sababu. Nini kimemsibu?"

"Si geti la Wizara! Geti limemuumiza."

Dokta Nasibu alitazama mlango. "Mama yangu, usiseme hivyo humu ndani. Hilo ni neno la nyumbani."

Hapa itabidi nieleze kidogo, kwa faida ya wasomaji wa nchi nyingine ambazo hazijaendelea kiasi hiki. Katika Nchi, sheria inataka maumivu yote yanayoingia ofisi ya umma yaingie kwa Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili kinafahamika kwa kutia chumvi. Mtu akisema kwa Kiswahili kwamba ameumizwa, msikilizaji anaweza kuingiwa na uchungu, na uchungu huvuruga kazi. Kiingereza kinafika kikiwa kimepoa. Na kwa jambo kama la Zuwena, Kiingereza kilikuwa na kitenzi chake safi kabisa, "injure", kilichojulikana na kila aliyekwenda shule. Tatizo ni kwamba kitenzi hicho kilikuwa hakijaingia nchini rasmi.

"Hakijaingiaje, na wewe umekisoma?" Bi. Mashavu alimuuliza.

"Nimekisoma, lakini siwezi kukitumia. Hakina msimamizi."

"Na bila hicho kitenzi?"

"Bila hicho naruhusiwa kuandika kwamba amechoka." Dokta aliinamisha kichwa. "Nimempa vidonge vya uchovu. Kaa kidogo, mama, upumzike."

Bi. Mashavu hakukaa. Alimtazama binti yake, ambaye alikuwa ameung'ata upindo wa shuka asipige kelele. Akatoka.

Desturi ya wasimamizi ilikuwa fahari ya Nchi. Kama vile bibi harusi asivyoweza kuondoka kwao bila mtu wa kumsimamia, ndivyo kitenzi cha kigeni kisivyoweza kufanya kazi nchini mpaka apatikane mtu mzima, mwenye akili timamu, atakayesimama mbele ya watu, ainue mkono, aseme: "Jambo hili mimi nimelifanya." Huyo ndiye msimamizi. Tangu hapo, popote neno litumikapo, heshima inamrudia yeye. Na neno husimama kwa miguu ya msimamizi wake: akiitwa kulisimamia, hakai mpaka aambiwe basi, na akikaa kabla ya hapo, neno limejifuta lenyewe.

Siku lilipoingia neno "develop", viongozi waliotaka kulisimamia walikuwa wengi hata jukwaa likabomoka na kuwaangukia akina mama wa kikundi cha ngoma. Kwa kuwa "injure" lilikuwa halipo, redio ilitangaza kwamba akina mama hao walipumzika kwa ghafla. "Facilitate" lilisimamiwa na mtu na mkewe. "Monitor" nalo lilipata mzee mmoja aliyelipenda mno, akawa anazunguka na darubini mpaka kwenye harusi za watu. Lakini "reform" lilirudishwa kwao, msimamizi wake aliposhikwa na magoti katikati ya wimbo wa taifa akakaa, na tangu siku hiyo hakuna aliyelifanya tena.

Mahali pa kushughulikia mambo hayo ni Baraza la Maana. Bi. Mashavu aliingia pale akihema, akakuta kikao kinaendelea, na kwa bahati nzuri kilikuwa kinajadili neno lile lile. Kilikuwa kikilijadili tangu enzi ya mwenyekiti aliyetangulia. Mwenyekiti wa sasa aliitwa Profesa Bandawe, bwana mnene mwenye sauti ya kubembeleza, aliyependa kufumba macho anaposema, ili asikatizwe na anachokiona.

"Karibu, mama, kaa," alisema Profesa. "Umekuja wakati mzuri. Tumeshakubaliana mengi kuhusu matumizi. Kitenzi hiki kina maana ya kumtia mtu jeraha au kumharibia mwili. Ni kitenzi cha nguvu. Hatuwezi kukiachia ovyo mitaani."

"Mimi sitaki cha mitaani, Profesa. Nakitaka cha hospitali, leo leo. Mwanangu mkono umevunjwa na geti."

Wajumbe walitikisa vichwa kwa masikitiko, kisha mmoja akaomba asomewe mama mifano iliyokwisha pitishwa, apate faraja. Profesa akafumba macho, akaisoma kwa Kiswahili ili mwananchi aelewe. Mvua ilimjeruhi mwananchi. Ngazi zilimjeruhi mwananchi aliyepanda bila kuangalia. Mwananchi alijijeruhi kwa kusimama karibu na kirungu.

"Huo wa mwisho ulituchukua muda," mjumbe mmoja alisema kwa majivuno.

"Mfano wa geti mnao?" Bi. Mashavu aliuliza.

Mtu mmoja alikohoa. Profesa alifumbua jicho moja.

"Mama, mifano tunaweza kutunga. Msimamizi ndiye hatuna. Nchi nzima hii, pamoja na ukubwa wake wote, hajapatikana mtu hata mmoja aliyewahi kumdhuru mwenzake. Tumetangaza. Tumeita hata polisi, wakaja na bendi yao, lakini kila mmoja tuliyemuuliza alisema anatumia nguvu ya wastani. Unaona neema tuliyo nayo?" Alifuta jasho kwa leso. "Tuletee msimamizi, nasi tutalipitisha neno kabla chai haijapoa. Ila kaa kwanza unywe hiyo chai."

Bi. Mashavu alikwisha fika mlangoni.

Alikwenda moja kwa moja getini. Afande Chituta alikuwa kibandani mwake, kidole karibu na kitufe, macho barabarani. Alipomwona mama yule akija mbio alisimama, kwa sababu alikuwa na adabu, na kwa sababu usingizi ulikuwa umempotea tangu geti lilipojifunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyebonyeza?"

"Nilibonyeza, mama. Sikatai kubonyeza. Kubonyeza kuna neno lake na msimamizi wake. Lakini kuumiza..." Alitazama huku na huku. "Mimi kidole changu kiligusa kitufe basi. Sikugusa mkono wa mtu. Amri ni kwamba gari la mwisho likipita, geti lifungwe. Ukitaka kujua nani alifunga, muulize aliyekuwa kwenye gari."

"Ulimwona mwanangu?"

Afande Chituta alikiondoa kidole karibu na kitufe, akakificha mfukoni.

"Nina watoto, mama," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nikisimamia neno hilo, kazi itabaki?"

Bi. Mashavu alitaka kumtukana, matusi yamempanda mpaka kooni, lakini alimwona jinsi alivyonyong'onyea akayameza. Akaondoka akimfuata aliyekuwa kwenye gari.

Kumpata Mheshimiwa Kalokola, Waziri wa Makaribisho, si jambo rahisi, kwa kuwa muda mwingi yuko safarini akijifunza jinsi mataifa mengine yanavyokaribisha. Bi. Mashavu alizungushwa. Aliambiwa njoo kesho, akaja, akaambiwa ulikuja kesho ipi? Alielekezwa mlango wa wenye miadi, kisha wa wenye shida, kisha wa wenye miadi ya shida. Kila mlango ulikuwa na benchi na kila benchi lilikuwa na mtu wa kumwambia akae. Wengine waliokaa hapo walikuwa wamekaa hata mimea ya kwenye vyungu ikawazoea. Yeye alipiga hatua huku na kule mbele yao mpaka makarani wakaona kizunguzungu. Na kila alipotoka hapo alipitia hospitali, akamkuta Zuwena anautazama mkono wake uliolala juu ya shuka.

"Uvimbe unapungua, mama," Zuwena alimwambia siku moja.

"Si vizuri hivyo?"

"Dokta anasema si vizuri. Mifupa imeanza kushikana." Alijaribu kukunja kidole cha shahada, kikakataa, kikabaki kimepinda kuelekea upande wake chenyewe. "Nimeota nashona. Nikaamka nikadhani ni kweli."

Bi. Mashavu alitoka nje ya wodi, akaegemea ukuta, akalia waziwazi bila kujifunika. Aliogopa. Katika maisha yake yote alikuwa akimudu jambo lolote kwa kulikimbilia, na sasa alikuwa amekimbia kila mahali.

Dokta Nasibu alimfuata. "Ikifika Ijumaa, sitaweza tena," alisema, na kwa mara ya kwanza hakutazama mlango.

Kesho yake Bi. Mashavu hakwenda ofisi yoyote. Alikwenda akasimama katikati ya barabara ya misafara.

Pikipiki za mbele zilifunga breki. Gari refu likasimama, kioo kikashuka kidogo, na harufu ya ubani wa kizungu ikatoka. Mheshimiwa Kalokola alikuwa mtu wa tabasamu. Wengine husema alizaliwa nalo.

"Mama yangu mpendwa! Karibu sana barabarani."

"Mheshimiwa, geti lako limemvunja mwanangu mkono. Nataka usimamie neno, atibiwe. Uinue mkono useme umefanya, basi. Sitaki kingine chochote, wala fidia."

Mheshimiwa alishusha kioo chote, dalili kwamba hotuba inakuja. Wasaidizi wakakaa sawa.

"Mama, swali lako limenigusa, na naomba nilijibu kwa upana wake. Geti lile ni la nani? Je, ni la Kalokola? Kalokola leo yupo, kesho hayupo. Geti ni la Wizara. Wizara ni ya nani? Ni ya Serikali. Na Serikali, ndugu zangu, ni ya nani?" Hapo alinyoosha kidole nje ya dirisha kwa upendo mkubwa, kikamlenga Bi. Mashavu kifuani. "Ni ya wananchi! Ni yako wewe, mama! Geti lile ni lako. Ringa nalo!"

Wasaidizi walipiga makofi. Kioo kikapanda. Magari yakampita Bi. Mashavu kulia na kushoto, naye akabaki amesimama pale pale, jambo ambalo waliomjua walilishangaa, maana hakuwa mtu wa kubaki mahali.

Alikuwa anafikiri. Kisha akageuka, akashika njia ya Baraza la Maana, safari hii akitembea taratibu.

"Msimamizi amepatikana," alimwambia Profesa Bandawe.

Profesa alifumbua macho yote mawili. "Nani?"

"Mimi. Waziri amesema mbele ya watu kwamba geti ni langu. Basi geti langu limemvunja mwanangu mkono. Iteni watu nisimame."

Siwezi kuwaficha kwamba Baraza lilifurahi. Maturubai yalifungwa siku hiyo hiyo, viti vikapangwa kwa vyeo, na bendi ya polisi ikaja kupiga muziki wa furaha. Profesa alitoa hotuba ndefu juu ya maana ya kitenzi, historia yake na jinsi kinavyotumiwa na watu wenye ustaarabu, akasahau kusema kinamhusu nani. Ndipo Bi. Mashavu akaitwa. Alipanda jukwaani na viatu vyake vya kandambili, nyuzi za sufi zimemganda kwenye nywele, akainua mkono.

"Mimi, Mashavu binti Ngalupi, nimemuumiza mwanangu Zuwena," alisema. Sauti ilimkatika kidogo, kwa sababu hata uongo wa kumsaidia mtoto una uchungu wake mama anapoutamka hadharani. "Nimelifanya mimi. Mwandikeni apone."

Makofi yalivuma. Neno likawa limeingia nchini. Kabla ya jua kuzama Dokta Nasibu alikuwa amekwisha kuitengua mifupa iliyoungana vibaya, akaipanga upya moja moja, akafunga plasta. Bi. Mashavu alisimama nje ya mlango wa chumba cha upasuaji muda wote. Dokta alipotoka, jasho limemlowesha kola, alisema, "Atashona," na mama yule akamkumbatia kijana wa watu mpaka miwani ikamdondoka.

Ningeweza kuishia hapo kama Nchi hiyo ingekuwa nchi ya kuishia hapo.

Neno lilipokwisha kuingia, watu wakaanza kulitumia. Walitokea watu waliokuwa wamejifungia majumbani na uchovu wao. Waliletwa wachuuzi wa sokoni waliopigwa na nguvu ya wastani, na wanafunzi ambao macho yao yalikuwa yakitoka machozi tangu siku ya maandamano. Walikuja waliovukia daraja jipya siku ya kuzinduliwa. Akina mama wa ngoma waliopumzika kwa ghafla walikuja kwa magongo, wakiimba. Hospitali zikawaandika wote, "injure", "injure", "injure", zikawatibu, na wodi zikajaa watu wanaopona. Dokta Nasibu alikonda, lakini alikuwa akipiga mluzi.

Lakini msomaji hajasahau desturi: popote neno litumikapo, heshima inamrudia msimamizi.

Askari waliomfuata Bi. Mashavu walimkuta anapiga sufi. Walimkaribisha vizuri sana kwenye gari. Kesi yenyewe iliendeshwa katika ukumbi wa Wizara ya Makaribisho, kwa kuwa mahakama ilikuwa ndogo kwa walalamikaji wote wale, na pia kwa kuwa mapazia ya ukumbi ule yalikuwa mazuri. Afande Chituta aliwekewa kiti mlangoni, awe karibu na geti lake.

Mwendesha mashtaka alisoma mashtaka mpaka sauti ikamkauka, akaletewa maji, akaendelea. Daraja. Soko. Dari la zahanati lililoshuka. Moshi wa macho.

"Mheshimiwa Jaji," alisema mwishowe, "mambo haya yamefanyika, hilo sasa hakuna anayebisha, neno tunalo. Na jambo likifanyika, yupo aliyelifanya. Na aliyejitaja katika Nchi nzima ni mmoja. Ninamsikitikia, ni mama wa makamo, lakini amewezaje kufanya unyama wote huu peke yake? Hatari iliyoje!"

Mheshimiwa Kalokola, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, alitikisa kichwa kwa mshangao wa raia mwema.

Jaji alimwinamia mshtakiwa. "Una la kusema?"

Bi. Mashavu alikuwa amesimama tangu mashtaka yalipoanza kusomwa, na yalikuwa marefu. Alikuwa akiegemea mguu huu, mara mguu ule. Kwa mara ya kwanza tangu aingie katika hadithi hii, alitaka kukaa. Zuwena aliliona hilo kutoka kwenye mabenchi, akanyanyuka, akabeba kiti na kukileta mpaka kwenye kizimba. Alikibeba kwa mikono yote miwili. Plasta ilikuwa imetolewa.

"Kaa, mama," alisema.

"Asikae!" Profesa Bandawe aliruka kutoka kitini. "Mheshimiwa Jaji, hili shauri ni la neno lenyewe. Msimamizi akikaa, neno limejifuta. Itabidi wodi zifungwe jioni hii hii, na hawa wote warudi kuwa wamechoka."

Bi. Mashavu alikitazama kiti, kisha akageuza shingo kuwatazama waliojaa nyuma yake, wenye magongo, wenye bandeji machoni, wengine wakiwa na mirija ya dawa bado mikononi. Hakuna aliyemwambia akae, na hakuna aliyemwambia asimame. Walimtazama tu, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Mheshimiwa Jaji," alisema, "mimi sijaliona hilo daraja mpaka leo. Moshi ninaoujua ni wa jikoni kwangu. Nyote humu mnajua. Nilisimama kwa sababu ya mkono wa mwanangu, na mkono umepona, namshukuru Mungu. Sasa miguu inaniuma. Nataka kukaa. Naomba mtu mmoja tu asimame hapa badala yangu, aseme hata lile dogo alilolifanya yeye. Hata dogo."

Mheshimiwa Kalokola alitazama dari, akaliona zuri. Mwendesha mashtaka alikunywa maji. Profesa alifumba macho.

Mlangoni, Afande Chituta akanyanyuka.

Alinyanyuka polepole, na watu wote wakamgeukia. Kofia aliivua, akaishika mbele ya tumbo. Alimtazama Zuwena, akautazama mkono wake, akafungua kinywa, na naapa midomo yake ilikuwa imekwisha kulishika neno la kwanza. Hapo honi ikalia nje. Gari la Mheshimiwa Kalokola lilikuwa limekuja kumchukua, maana alikuwa na safari.

Afande alibaki hivyo, kinywa wazi. Honi ikalia tena. Akavaa kofia, akatoka, na ukumbi mzima ukasikia geti linafunguka, Mheshimiwa akapita na tabasamu lake, magari yakanguruma, kisha geti likajifunga. Zuwena, bila kujijua, aliurudisha mkono wake kifuani.

Jaji aliahirisha shauri mpaka apatikane mwingine wa kusimama, na kwa hiyo shauri bado linaendelea. Wodi ziko wazi. Bi. Mashavu yule asiyetulia amesimama mahali pamoja, ameshika ukingo wa kizimba, na wageni wa taifa huletwa kumwona baada ya chakula cha mchana. Kando yake kipo kile kiti, kitupu. Zuwena hukifuta vumbi kila asubuhi, kwa mkono wa kulia.